Chemirocha: Mwimbaji wa Mississippi aliyezaliwa mara ya pili Kericho

Jumamosi moja mapema mwaka huu, mimi na wenzangu watatu tulifunga safari ya kwenda kusikiliza muziki wa kantri katika uwanja mmoja ulio nje kidogo ya jiji la Nairobi. Sote wanne ni watu wa chaki. Mmoja hufundisha Historia katika shule ya upili, wa pili hufundisha Hisabati, na wa tatu, ambaye ni Mkipsigis mwenye asili ya Kericho, ni mwalimu wa Kiswahili niliyesoma naye chuoni. Mimi ni mhadhiri wa isimu. Urafiki wetu umedumu kwa zaidi ya miaka ishirini, na desturi yetu ni kukutana walau mara moja kila muhula, tukala, tukazungumza na kukosoana bila kuvunjiana heshima.

Mpenzi msomaji asiyewahi kufika katika tamasha kama hilo huenda akadhani kwamba ni shughuli ya wageni. Sivyo. Umati tulioukuta ulikuwa wa Wakenya wa kila umri na kila tabaka. Walikuwapo wazee waliofika na wajukuu wao, akina mama waliotandika leso nyasini, na vijana waliovaa kofia pana, mashati ya mirabaraba na mabuti yaliyopanda hadi karibu na magoti. Moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda. Jukwaani, waimbaji wetu wenyewe waliziimba nyimbo za Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, na za Kenny Rogers, aliyefariki mwaka 2020, na umati ukaziitikia neno kwa neno kana kwamba ni nyimbo za unyagoni.

Haukupita muda kabla ya ubishi kuzuka. Mwalimu wa Historia, ambaye alikuwa akikohoa tangu tulipotoka mjini na kila tulipomwuliza akasingizia vumbi, alidai kwamba tamasha zima lilikuwa ushahidi wa ukoloni mamboleo. Alishangaa ni vipi watu ambao babu zao walinyang'anywa mashamba na malisho wanaweza kuvalia kofia za wachungaji wa Texas na kutokwa na machozi kwa ajili ya milima ambayo hawajawahi kuiona. Mwalimu wa Hisabati alimjibu kwamba muziki hauna pasipoti, na kwamba huzuni ya aliyeachwa na mpenzi wake haibadiliki kwa kuvuka bahari. Walikwenda hivyo kwa kitambo, kila mmoja akishikilia lake.

Mimi niliwauliza swali moja tu. Je, ni nani hasa aliyeuanzisha muziki huu, na jina lake lilifika lini nchini Kenya? Mmoja alimtaja Jim Reeves. Mwingine alimtaja Kenny Rogers. Niliposema kwamba mtu huyo aliitwa Rodgers kweli, lakini si Kenny, na kwamba alikuwa amekwisha kufariki miaka mitano kabla ya Kenny kuzaliwa, mwalimu wa Kiswahili aliinua kichwa. Alisema kwamba bibi yake alipokuwa hai alikuwa na neno alilolitumia kwa kitu chochote kigeni kilichokuja kijijini kwa kishindo, na kwamba hajawahi kujua asili yake. Neno lenyewe ni chemirocha. Basi, chini ya mti, huku muziki ukiendelea, niliwasimulia maisha ya Jimmie Rodgers, nami leo nayarudia hapa kwa manufaa ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu.

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 karibu na mji wa Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vibarua waliokarabati reli. Mama yake alifariki Jimmie angali mtoto mdogo, naye akalelewa kwa kupokezanwa na jamaa huku baba akihama kambi baada ya kambi kufuata njia ya reli. Masomo yake yalikuwa ya kubahatisha. Shule yake halisi ilikuwa barabara za Meridian, vinyozi, vituo vya treni na vibanda vya burudani. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 14 alikuwa amekwisha kutoroka nyumbani kufuata kikundi cha maonyesho kilichotangatanga kutoka mji hadi mji, ikambidi baba yake amrejeshe na kumtafutia kazi relini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuwapelekea maji vibarua. Hapa ni muhimu tutue kidogo. Mississippi ya wakati huo ilikuwa jimbo la ubaguzi mkali wa rangi. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi na mweupe garini, hotelini wala shuleni. Wengi wa wale walioinua vyuma na kupigilia misumari ya reli walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa, na kazi yao ilifanywa kwa nyimbo. Kiongozi alianza, wenzake wakaitikia, na chuma kikasogea kwa pamoja kulingana na mapigo ya wimbo. Kijana huyu mweupe aliyebeba ndoo ya maji alizisikia nyimbo hizo kutwa kucha. Kutokana na vibarua hao alijifunza bluzi, akajifunza namna ya kupiga banjo na gitaa, na akajifunza jinsi mtu anavyoweza kuitaja dhiki yake bila kuiomba huruma. Hakuna kitabu kilichohifadhi majina ya walimu wake hao.

Baadaye alipanda cheo akawa mfunga breki wa treni. Kazi hiyo ilimtaka mtu ahangaike na breki na viungo vya mabehewa, na apunge bendera mchana na taa usiku, katika jua, mvua na baridi. Ilikuwa kazi ya hatari na ya vipindi. Leo unaitwa, kesho unaambiwa hakuna treni. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri. Walijaliwa mabinti wawili, lakini mdogo wao alifariki mwishoni mwa mwaka 1923 akiwa na umri wa miezi sita. Mwaka uliofuata, 1924, Jimmie mwenyewe alianza kutema damu. Madaktari walimwambia kwamba alikuwa na kifua kikuu.

Katika miaka hiyo, kauli kama hiyo ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Robert Koch alikuwa amekigundua kijidudu cha maradhi hayo mwaka 1882, lakini kukijua adui si kuwa na silaha ya kumpiga. Dawa haikuwapo. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri na atafute mahali penye hewa kavu. Maskini mwenye mke na mtoto hana nafasi ya kupumzika. Rodgers alijaribu kuendelea na kazi ya reli katika majimbo mbalimbali, lakini kifua kilimshinda, na hatimaye reli ikawa haipo tena katika maisha yake. Akabakiwa na gitaa.

Mapema mwaka 1927 alihamia Asheville katika jimbo la North Carolina, ambako alipata nafasi ya kuimba redioni pamoja na wanamuziki wengine watatu. Majira ya kiangazi mwaka huo, Ralph Peer, aliyefanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, aliweka mitambo yake mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers na wenzake walikwenda, lakini usiku wa kuamkia zamu yao walikosana juu ya jina la kikundi. Wenzake wakamwacha. Tarehe 4 Agosti 1927 aliingia chumbani peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili, na akalipwa dola 100. Siku chache kabla yake, familia ya Carter ilikuwa imerekodi nyimbo zake katika chumba hichohicho. Wanahistoria wa muziki huuhesabu mkutano huo wa Bristol kuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya biashara ya muziki wa kantri.

Santuri hiyo ya kwanza haikutikisa dunia. Rodgers hakungoja kuitwa. Alisafiri mwenyewe hadi kaskazini kumtafuta Peer, na tarehe 30 Novemba 1927, mjini Camden katika jimbo la New Jersey, alirekodi wimbo ulioitwa Blue Yodel. Humo alifanya jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakuwa wamelisikia likifanywa kwa namna ile. Alichukua muundo wa bluzi alioupata kwa vibarua weusi, kisha mwishoni mwa ubeti akaingiza yodeli, yaani mtindo wa kuirusha sauti kutoka kifuani hadi ile sauti nyembamba ya juu na kuirudisha tena kwa ghafla. Yodeli ilikuwa ya watu wa milima ya Ulaya na ilikuwa imekwisha kufika Marekani kupitia maonyesho ya jukwaani. Bluzi ilikuwa ya watu weusi wa kusini. Yeye alizioza. Santuri hiyo ilinunuliwa kwa malaki, na aliyekuwa mfunga breki asiye na kazi akawa mtu maarufu katika muda wa miezi michache tu.

Katika miaka isiyotimia sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Alionekana katika filamu fupi mwaka 1929 akiwa amevalia mavazi ya mfanyakazi wa reli. Mwaka huohuo alijenga nyumba ya fahari huko Kerrville, Texas, mji uliosifika kwa hewa inayowafaa wagonjwa wa kifua. Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo mmoja akiandamana na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na mkewe, Lil Hardin Armstrong, kwenye piano. Fikiria, msomaji, mzaliwa wa Mississippi na mwana wa New Orleans, mmoja mweupe na mwingine mweusi, katika chumba kimoja, mwaka ambao sheria za kwao zisingewaruhusu kula meza moja. Hata hivyo, jina la Armstrong halikuandikwa kwenye lebo ya santuri.

Mwaka 1931, ukame na mdororo wa uchumi vilipowaangamiza wakulima wa kusini, Rodgers alizunguka majimboni pamoja na mchekeshaji Will Rogers, ambaye hakuwa jamaa yake, kuchanga fedha kwa ajili ya shirika la Msalaba Mwekundu. Mwaka huohuo aliimba kuhusu maradhi yake waziwazi, akayataja kwa jina, wakati ambapo familia nyingi ziliyaficha kama aibu. Lakini mdororo haukumwacha hata yeye. Mauzo ya santuri yaliporomoka, gharama za madaktari zikapanda, na ile nyumba ya Kerrville ikamtoka mikononi. Akahamia nyumba ya kawaida mjini San Antonio.

Mnamo Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi nyimbo nyingine, akijua fika kwamba familia yake ingezihitaji fedha hizo. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba kitanda kidogo kiliwekwa karibu na chumba cha kurekodia. Aliimba wimbo mmoja, akalala hadi pumzi iliporejea, akainuka akaimba mwingine. Alimaliza kazi tarehe 24. Tarehe 26 Mei 1933 damu ilimtoka kifuani akiwa katika Hoteli ya Taft, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirejeshwa Meridian kwa treni.

Nilipofika hapo katika masimulizi yangu, niligundua kwamba mwalimu wa Historia alikuwa amenyamaza. Sikulitilia maanani jambo hilo wakati ule.

Sasa turejee Kericho. Gramafoni na santuri zilikuwa zimeanza kuenea Afrika Mashariki katika miaka ileile ambayo Rodgers aling'ara. Wapenzi wa taarabu watakumbuka kwamba Siti binti Saad wa Unguja alirekodi santuri zake huko Bombay mwaka 1928. Santuri za Rodgers nazo zilifika, zikapanda milima hadi kwa Wakipsigis, na huko sauti yake ikawashangaza watu. Waliisikia sauti ya mwanamume ikitoka katika kisanduku, ikiruka kama ya mnyama wa porini na kurudi kuwa ya binadamu. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kunasia sauti, alikuta nyimbo kadhaa za Kikipsigis zenye jina moja, Chemirocha. Uliojulikana zaidi uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ukisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa moja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wimbo huo alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, na wasichana walimkaribisha kwa utani aje kucheza nao.

Mwanaisimu akilitazama jina hilo hawezi kujizuia kutabasamu, kwani ni somo kamili la utohozi. Lugha za Kikalenjin hazipambanui maana ya maneno kwa tofauti ya vipasuo ghuna na visivyo ghuna jinsi Kiswahili kinavyopambanua baa na paa. Kwa hiyo j ya Jimmie ilipokewa kuwa ch, na sauti kama hiyo iliyo katikati ya Rodgers nayo ikawa ch. Sauti z ya mwisho, isiyokuwamo katika lugha hizo, ilidondoshwa, na irabu a ikabakia. Majina mawili yakaungana kuwa neno moja. Isitoshe, neno hilo lilianza kwa Che-, mwanzo unaofanana na ule wa majina mengi ya Kikalenjin, hasa ya wanawake, kama vile Chemutai, Chelangat na Chebet. Ndivyo Kiswahili kilivyolipokea neno la Kiarabu kitabu, kikaidhania ki- ya mwanzo kuwa kiambishi, kisha kikazaa vitabu. Wenye lugha hawakuomba ruhusa. Walimpokea mgeni, wakambadilisha jina, wakampa mwili mpya na wakamwingiza katika mchezo wao.

Hoja hii ndiyo niliyomwekea mwalimu wa Historia. Nilimwambia kwamba anayeiga bila kubadilisha chochote huenda akawa mateka, lakini wasichana wa Kapkatet hawakuiga. Walimtwaa Rodgers wakamfanya wao, kama vile yeye alivyoitwaa bluzi. Kwa hiyo yule kijana aliyevaa kofia pana jukwaani ana haki ya kuimba kantri, mradi siku moja awe na ujasiri wa kuitia chepkong na lugha ya mama yake.

Mwenzangu hakukubali kirahisi, na naona ni haki niieleze hoja yake. Alisema kwamba nilichosimulia ni hadithi ya watu wasiolipwa. Vibarua weusi walimfundisha Rodgers, akatajirika yeye. Armstrong alipiga tarumbeta, jina lake likaachwa. Wasichana wa Kapkatet waliimba, kanda yao ikapelekwa Afrika Kusini, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Mkopo ambao mkopeshaji hakuujua, alisema, una jina jingine. Na kweli, kanda hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda. Zilisikika Ulaya na Marekani kabla ya kusikika tena Kericho. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya watafiti kuzirejesha kwa Wakipsigis na kuwatafuta wazee waliokuwa vijana wakati ule.

Nakiri kwamba hapo alinishinda, na nadhani ukweli umo katikati ya hoja zetu mbili. Utamaduni huishi kwa kutwaliwa, lakini anayetwaa ana deni la kutaja. Hili ni jambo ambalo shule zetu zinaweza kulifanya bila kungoja bajeti ya wizara. Mwalimu wa lugha na awatume wanafunzi wake wawaulize babu na bibi zao maneno yaliyoingia kijijini pamoja na reli, gramafoni, vita na misheni. Waandike neno, maana yake, na jina la aliyelisema. Jina hilo la mwisho lisisahaulike kamwe. Bibi ya mwenzetu alilijua neno chemirocha maisha yake yote, na hakuna aliyemwuliza chochote hadi akaingia kaburini nalo.

Magharibi ilipokaribia tulirejea mjini. Garini, kikohozi cha mwalimu wa Historia kilizidi. Tulipofika kwake alinivuta kando akaniuliza, kana kwamba anauliza habari za Rodgers tu, damu ile ilianza vipi. Nikaelewa. Alikuwa akikohoa kwa muda wa miezi miwili. Usiku alilowa jasho. Mshipi wake ulikuwa umeingia matundu mawili. Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe, kwa kuwa katika nchi yetu bado wapo wanaoamini kwamba kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI, na aliogopa macho ya walimu wenzake na minong'ono ya wanafunzi.

Nilimweleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kumweleza. Baba yangu mdogo alifanya kazi ya reli. Nilipokuwa kijana katika miaka ya 1990, alikohoa kwa muda mrefu, akaficha kwa kuogopa maneno ya majirani, akanywa dawa za mitishamba usiku, na alipokubali kupelekwa hospitali mapafu yalikuwa yamekwisha. Rodgers alikufa miaka kumi kabla ya kugunduliwa kwa streptomycin mwaka 1943. Hakuwa na hiari. Baba yangu mdogo alikufa dawa zikiwa kwenye rafu, umbali wa nauli ya matatu. Ndiyo sababu huzisikiliza nyimbo za mfunga breki yule kwa masikio mengine.

Nilimweleza pia jambo ambalo yeye, kama mwanahistoria, alipaswa kulijua. Zamani tiba ya kifua kikuu ilichukua takriban mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengi waliiacha njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio ya tiba ya miezi sita yalifanywa na watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na wale wa Uingereza, na waliojitolea kuyapokea walikuwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tiba ya miezi sita iliyoenea duniani ilithibitishwa kwa vifua vya watu wetu. Majina yao nayo hayaimbwi popote. Namna pekee ya kulipa deni lao ni kuitumia.

Jumatatu asubuhi tulikwenda pamoja katika kituo cha afya cha umma. Alipimwa makohozi, ikadhihirika kwamba ana kifua kikuu. Virusi hakuwa navyo, ingawa hata angekuwa navyo angetibiwa vilevile. Mkewe na watoto walipimwa pia. Dawa alipewa bila malipo, na baada ya wiki chache, daktari aliporidhika kwamba hawezi tena kuwaambukiza wengine, alirejea darasani. Niandikapo makala haya yumo katika mwezi wa nne wa tiba na mshipi umerudi tundu moja. Ni yeye aliyenitaka niyaandike haya, bila kulitaja jina lake. Alisema kwamba kama Rodgers aliweza kuyataja maradhi yake hadharani mwaka 1931, itakuwa aibu kwa mwalimu wa karne hii kuyaficha.

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, kikohozi kikizidi wiki mbili, usikiite vumbi la chaki. Nenda ukapimwe.

Muhula ujao tutakutana tena sisi wanne. Mwalimu wa Kiswahili ameahidi kutuletea daftari la maneno aliyoyakusanya kwa wazee wa Kericho, kila neno na mwenyewe. Mwalimu wa Historia bado anashikilia kwamba kofia zile ni za kikoloni.